Chumba cha bustanini kinakusumbua? Soma dalili kabla hujamwita fundi

Watu wengi hapa Dar siku hizi wanaongeza chumba nyuma ya nyumba, wengine wanakiita sebule ya nje, wengine ofisi, wengine chumba cha bustanini, fundi wangu yeye alikua anakiita banda, mpaka siku tunaweka vioo bado anasema "bosi, hili banda lako". Wazo lenyewe halina ubaya. Badala ya kubomoa kuta na kuhamisha familia unachukua kipande cha uwanja pale nyuma, unapata pa kukaa jioni, pa watoto kufanyia homuweki, pa kupokea mgeni bila kumpitisha jikoni. Shida inaanza masika ya kwanza au jua la Februari likipiga, hapo ndo unakuta mtu katoa hela ya maana alafu chumba hakikaliki.

Mimi cha kwangu ni mita 4 kwa 5, kipo maeneo ya Tegeta, na kimenisumbua karibia kwa kila kitu nilichoandika hapa chini, baada ya hapo nikawa kama daktari wa mtaa, mtu akiona doa ukutani ananiita nikaangalie. Nilichojifunza ni kwamba pale tatizo linapoonekana mara nyingi sio pale linapoanzia. Ukuta unachubuka chini, watu wanapaka rangi, kumbe maji yanatoka kwenye maua ya nje. Chumba kina joto, watu wananunua AC, kumbe moto uko juu ya dari. Kwa hiyo twende kwa dalili, kila mtu atafute ya kwake.

Saa tisa mchana hakuingiliki

Hii ndo malalamiko namba moja na ndo inayokula hela za watu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza usinunue kitu. Ingia humo saa nane au saa tisa mchana siku ya jua kali, kaa dakika 10 bila feni, alafu fanya mambo matatu. Inua mkono mpaka karibu na dari bila kugusa. Kiganja kikisikia joto kama umekiweka juu ya jiko la mkaa linaloelekea kuzima, basi joto lako linatoka kwenye bati. Pili nenda kwenye ukuta wa magharibi uuguse, urudie tena saa mbili usiku, kama usiku bado una uvuguvugu na kuta nyingine zimeshapoa, ukuta huo unakupikia chumba. Tatu fungua madirisha yote, washa udi, uweke kwenye stuli katikati ya chumba uangalie moshi. Ukipanda wima kama uzi bila kuyumba, hewa haitembei, na hapo hata ukiondoa joto la bati bado utatoka jasho maana kwa unyevu wa pwani mwili unapoa kwa upepo.

Sasa kila jibu lina tiba yake. Kama ni bati, elewa linavyofanya kazi. Bati likipigwa na jua linaweza kupita nyuzi 60, na ule moto linaumwagia dari, dari inakumwagia wewe kichwani. Vyumba hivi vya nyuma vingi vina paa la upande mmoja na dari imebanwa juu kabisa ili chumba kionekane kirefu, unakuta kati ya jipsam na bati kuna sentimita 10 tu na hewa ya humo haina pa kutokea. Toboa matundu ya hewa upande wa chini wa paa na upande wa juu pia, yote yawekewe wavu la sivyo utafuga popo. Hewa ya moto inapanda yenyewe inatoka juu, ya baridi kidogo inaingia chini. Alafu kama bado hujapiga dari au uko tayari kuifungua, weka ile karatasi ya kung'aa chini ya bati, lakini isigusane na bati, iachie nafasi ya sentimita 2 au 3, maana ikigusana inakua sehemu ya bati na kazi yake inakufa. Nimeona watu wameilaza juu ya papi, zile mbao za kupigilia bati, wakapigilia bati hapohapo juu yake, kila mahali inapogusana hela imepotea. Na rangi nayo. Najua bati la maruni au la mkaa linapendeza kwenye picha ila kwa chumba kidogo kama hiki chagua krimu au nyeupe, utaona tofauti bila kuambiwa.

Kama ni ukuta wa magharibi, hapo watu wanakosea sana kwa sababu wanadhani paa likitokeza mbele linatosha. Dar tupo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua la saa sita linakua karibu na utosi mwaka mzima, mwezi wa 6 limeinamia kaskazini, mwezi wa 12 limeinamia kusini kidogo. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au la kusini unalilinda kwa paa tu, dirisha la urefu wa mita 1.2 upande wa kaskazini linataka paa litokeze kama sentimita 70 ili jua la saa sita mwezi Juni lisiguse kioo, upande wa kusini hata 40 zinatosha Desemba. Lakini jua la magharibi saa kumi linakuja limelala, linapita chini ya paa kama mtu anayeinama mlangoni, hata utokeze mita 2 litakufikia. Tiba yake ni kitu cha kusimama: mti, chiki za mianzi, ukuta wa matofali ya matundu uliowekwa hatua moja mbele ya ukuta wenyewe. Mimi nilipandisha mpasheni kwenye waya, ukafunika ukuta wote, na matunda tunakunywa juisi. Kama ndo kwanza unachora ramani, upande wa magharibi weka ukuta mzima au weka stoo na choo, vioo vipeleke kwingine.

Kama ni upepo, angalia vitu viwili. Kwanza madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, yanapendeza lakini dirisha la mita 2 linafunguka mita 1 tu, nusu ya dirisha ulilolipia ni ukuta wa kioo. Ya bawaba yanafunguka yote. Pili, upepo wetu wa kusi unatoka kusini mashariki na kaskazi unatoka kaskazini mashariki, yote mawili yana asili ya mashariki, kwa hiyo mlango mkubwa wa hewa uwe upande huo, na upande wa pili uache pa kutokea, hata matundu tu ya juu karibu na dari. Chumba chenye madirisha makubwa upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili ni sawa na chupa, upepo unafika mdomoni unageuka. Na ukikuta fensi ya tofali imesimama mita moja mbele ya dirisha lako usiulaumu upepo, pandisha dirisha juu au fungua sehemu ya fensi kwa grili.

Ukishafanya haya ndo uongelee AC, na hapo utakuta ile ndogo inatosha.

Mvua ikinyesha maji yanaingia

Swali la kwanza, yanaingia lini? Hili swali mafundi hawaulizi, wanapanda juu na kopo la silikoni wanapaka kila msumari wanashuka wanadai chao.

Kama maji yanadondoka asubuhi na usiku haikunyesha, huo ni umande. Bati linapoa usiku, hewa yenye unyevu inaligusa kwa chini inageuka maji, hasa miezi ya baridi kidogo mwezi wa 6, wa 7. Tiba ni yaleyale matundu ya hewa ya juu. Na kama kioo kinatoa jasho kwa nje wakati AC inafanya kazi, hakuna kinachovuja, umeweka AC kwenye nyuzi za chini sana, pandisha mpaka 25 au 26 litaisha.

Kama yanaingia mvua ikiwa kubwa tu, na sio kila mvua, shuku gata na mwinamo. Hesabu ni rahisi, milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba, mvua ya milimita 50, ambayo masika ni kitu cha kawaida, inaleta lita 1,000, pipa tano za lita 200. Hiyo ni ya chumba peke yake. Sasa wengi wameunganisha chumba chini ya paa la nyumba kubwa, na ule upande wa paa kubwa wenye mita 60 za mraba unamwaga lita 3,000 nyingine juu ya kibati kidogo chenye mwinamo wa kubahatisha. Gata ndogo haiwezi, inafurika kwa ndani, maji yanapanda chini ya bati yanashuka ukutani. Paa kubwa liwekewe gata yake na bomba lake la kushusha mpaka chini, lisimwage juu ya paa dogo hata tone.

Mwinamo nao. Kwenye chumba cha kina cha mita 4, mwinamo wa nyuzi 10 maana yake upande mmoja uwe juu kuliko mwingine kwa sentimita 70. Nenda kapime. Mimi changu nilikuta sentimita 25, kwa sababu fundi alitaka paa liingie chini ya dirisha la ghorofani lisizibe, na sikuuliza. Ukiwa na mwinamo mdogo hivyo maji yanatembea polepole, upepo unayasukuma yarudi kwenye maungio ya bati. Kama huwezi kuinua, bati liwe refu la kipande kimoja bila kuungwa katikati, na ubavuni lipandane migongo miwili badala ya mmoja.

Kama yanaingia kila mvua hata ya rasharasha, na doa liko kwenye ukuta unaopakana na nyumba ya zamani, jibu ni pale paa jipya linapokutana na ukuta wa zamani. Hapa ndo nimeona maajabu. Mtu anapaka simenti kwenye kona ile anaona kaziba. Bati linatanuka mchana linanywea usiku kila siku ya Mungu, simenti hainyumbuki, baada ya wiki chache kuna ufa wa unywele na maji hayaombi zaidi ya hapo. Inavyotakiwa, unakata mfereji kwenye ukuta wa zamani wa kina cha sentimita 2 au 3, kipande cha bati kilichokunjwa kinaingia humo ndani, kinashuka juu ya bati la paa angalau sentimita 15, alafu ule mfereji ndo unazibwa kwa silikoni ya nje. Bati linabaki huru kucheza chini yake.

Ukiwa huna uhakika panda na mpira wa maji, mwenzako akae ndani na tochi. Anza kumwagia chini ya paa, dakika 5 sehemu moja, ndo upande juu kidogo. Ukianza juu maji yatashuka kila mahali hutajua yaliingilia wapi. Na muwe mnaongea kwa simu, mimi na mdogo wangu tulikua tunapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba.

Kitu kidogo cha mwisho hapa. Kama una mnazi juu ya paa, ziangushwe nazi kabla hazijajiangusha. Bati la geji 32 nazi kavu inalibonyeza, maji yanatuama kwenye lile bonde, kutu inaanza hapo. Namba ikiwa ndogo bati ndo nene, geji 28 ni nene kuliko 30, bado kuna watu wanauziwa kinyume.

Rangi inachubuka chini ya ukuta, kuna unga mweupe

Chukua nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne isipitishe hewa, nyingine kama hiyo ibandike kwenye ukuta sehemu inayochubuka. Iache mpaka kesho. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni, upande wa ukuta au sakafu, unyevu unatoka ndani ya jengo lenyewe. Ukikuta matone juu ya nailoni kwa nje, unyevu ni wa hewa ya chumba, fungua madirisha.

Ukishajua unatoka chini, toka nje kabla hujagusa chochote ndani. Pima usawa wa udongo wa bustani na usawa wa sakafu. Chumba cha bustanini kina ugonjwa wake ambao nyumba kubwa haina, nao ni bustani. Mama anapanda maua yameegemea ukuta, analeta udongo wa mbolea, kila mwaka unaongezeka, mpaka unakuta udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani kwa sentimita 10, alafu unamwagiliwa asubuhi na jioni. Pale msingini kulikua na nailoni ya kuzuia unyevu, sawa, lakini udongo umeshairuka. Chimba, shusha udongo uwe chini ya sakafu angalau sentimita 15, weka kokoto upana wa nusu mita kuzunguka ukuta, maua yahamie mbele ya kokoto. Nina rafiki Mbweni alikua anaskimu ukuta uleule kila mwaka, tuliposogeza maua na kuacha ukuta ukauke miezi mitatu ndo rangi ilikaa.

Ule unga mweupe ni chumvi, maji yanaipandisha, yanakauka, chumvi inabaki. Usiioshe kwa maji, unairudisha ndani, isugue na brashi kavu. Kama ukuta umechubuka mpaka juu, mita 2, na kuta zote ziko hivyo, shuku mchanga. Kuna tofali zimefyatuliwa kwa mchanga wa karibu na bahari, zina chumvi ndani yake, na chumvi inavuta unyevu wa hewa hata kiangazi. Hiyo haina dawa ya rangi. Unabomoa ripu, yaani plasta, mpaka tofali, unaacha likauke, unapiga ripu mpya kwa mchanga wa mtoni uliosafishwa, na bado usiahidi kitu.

Ufa umetokea

Ufa wa wima, mnyoofu, hasa kwenye kona ambapo chumba kimegusana na nyumba ya zamani, usikunyime usingizi. Nyumba ya zamani imeshakaa miaka 15 imeshuka ilivyotaka kushuka, chumba kipya ndo kwanza kinajitafutia makao, lazima vitengane. Kosa ni la aliyeviunganisha kwa ripu moja kana kwamba ni ukuta mmoja. Fungua ule ufa uwe mfereji wa sentimita moja, jaza kitu kinachovutika, funika na ubao wa urembo uliopigiliwa upande mmoja tu.

Ufa wa mshazari unaofuata ngazi za tofali, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, huo ni wa kuheshimu. Chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, andika tarehe pembeni, pima nafasi kati yake kila mwezi. Usipoongezeka miezi sita, ziba. Ukiongezeka, kuna kitu chini.

Na hapa naomba nisimulie. Kwangu kona moja ya sakafu ilishuka, vigae vikaanza kulia ukikanyaga, tok tok, kama sufuria tupu. Nikaanza kumlaumu fundi wa vigae. Siku moja mzee jirani, aliyekuwepo hapa kabla yangu, kaja kunywa chai, kaangalia ile kona akaniuliza, "Hapa si ndo lilikua shimo la taka la yule mwenye kiwanja wa kwanza?" Tukavunja vigae vitatu tukachimba. Kwanza mchanga, alafu mifuko ya plastiki, ndala, chupa, makumbi ya nazi yaliyooza, unachomeka nondo inazama mpaka mkononi. Miaka yote ile shimo lilifukiwa juujuu na nyasi zikaota, na nyasi zake zilikua nzuri kuliko sehemu nyingine yote, ningekua na akili ningejiuliza kwanini. Ilibidi kulichimba lote, kujaza kifusi cha changarawe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka linashindiliwa, na mkanda wa zege wenye nondo 4 za milimita 12 kuvuka juu yake. Kwa hiyo kabla hujajenga zunguka na nondo ndefu na nyundo, gonga kila hatua moja. Pale inapoingia kirahisi kuliko kwingine, simama. Na waulize wazee wa mtaa.

Ukiwa sehemu ya udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, habari ni nyingine, huo unasukuma msingi juu na chini kila mwaka, hapo mwite injinia, mimi naishia hapo.

Fremu ya mlango inalia kama imeliwa

Gonga kwa kisu. Ukiona njia za udongo zimepanda ukutani kama mishipa, mchwa. Ukiona vitundu vidogo na unga laini kama sembe chini ya fremu, ni bungua, na wala usilipie dawa ya mchwa. Bungua yuko ndani ya mbao yenyewe, alikuja nayo kutoka dukani. Mchwa anatoka ardhini, kwa hiyo dawa yake inaingia ardhini, kuzunguka msingi, na ni rahisi sana kumwaga kabla ya zege la sakafu kuliko kutoboa sakafu baadae. Kuivunja tu ile njia ya udongo hakumfukuzi, kesho kajenga nyingine. Toa kuni, maboksi na mabaki ya mbao yaliyoegemea nyuma ya chumba, ndo ngazi yake. Mninga na mkongo anazichelewa, mbao nyeupe isiyotiwa dawa ni pilau.

Taa zinafifia birika likiwashwa, na intaneti haifiki

Hapa fupi. Umeme ulivutwa kutoka soketi ya jikoni kwa waya mwembamba, ukipima ndani ya nyumba unakuta volti 230, kule nyuma birika na AC vikiwa pamoja inashuka vibaya. Waya wa 1.5 (unene wake kwa milimita za mraba) ni wa taa. Chumba kinataka laini yake kutoka kwenye bodi kuu, waya wa 4 au 6 kutegemea umbali na mzigo, uliopita ndani ya bomba ardhini, na sakiti breka yake ndogo kule. Ukisikia bomba la maji au fremu ya chuma inakutekenya ukiigusa, zima kila kitu leo hii na mwite fundi umeme mwenye leseni, usijaribu mwenyewe.

Intaneti inakufa kwa sababu ya kuta za zege, na ile karatasi ya kung'aa niliyokusifia pale juu inarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Ukichimba mtaro wa umeme, laza na bomba la pili pembeni lenye waya wa mtandao. Bomba moja la ziada halikuumizi, kuchimba tena kunaumiza.

Sebule ya zamani imekua giza

Hii watu hawaitegemei. Chumba kipya kimeegemezwa kwenye dirisha la sebule, sasa sebule inapokea mwanga wa kuazima na hewa iliyopoteza njia, unawasha taa saa nne asubuhi. Umeongeza mita 20 umeharibu 25. Wajenzi wa zamani wa pwani hili walilijua, nyumba za kale za Lamu zina kiwanda katikati, uwazi usioezekwa, ili kila chumba kipate pa kupumulia. Kama hujajenga, acha uwazi wa mita moja na nusu mpaka mbili kati ya nyumba na chumba, panda kitu humo, unganisha kwa njia ndogo yenye paa. Kama umeshajenga, toboa dirisha refu juu ya usawa wa paa jipya, au toa bati mbili za mwisho karibu na ukuta uache wazi kabisa, chumba kiishie kabla ya hapo kwa ukuta wake, usiweke ya plastiki ya kupitisha mwanga maana utarudi kwenye matatizo ya joto.

Mbu, harufu, na jirani

Mbu wa jioni unamzuia kwa wavu. Anayekuuma saa tatu asubuhi ukiwa na laptop ni mwingine, huyo ndo wa dengi, na Dar dengi tumeiona 2014 na 2019. Anazaa kwenye maji kidogo masafi: visahani vya vyungu vya maua, gata lisilo na mwinamo, tairi. Mwaga kila wiki.

Harufu ya choo ikija jioni, angalia umejenga wapi. Kuna waliofunika chemba chini ya sakafu, na kuna wenye bomba la hewa la karo linaloishia usawa wa dirisha. Bomba lipandishwe juu ya paa. Na hakikisha gari la kunyonya bado linaweza kufika.

Jirani akija na mwenyekiti wa mtaa, mara nyingi ni maji ya paa lako yanashukia kwake. Paa liinamie kwako, sio kwenye fensi. Kibali cha halmashauri kichukue kabla, hata kama kila mtu anakwambia "hicho ni kibanda tu".

Kila kitu kiko sawa lakini hakuna anayekaa humo

Dalili zake: kuna gunia la simenti kwenye kona, baiskeli mbovu, na pasi ya zamani. Chumba kimegeuka stoo. Hapa usitafute ufa. Hesabu hatua kutoka jikoni mpaka kwenye mlango wake, alafu zitembee mvua ikinyesha na trei ya chai mkononi. Ukilowa, umeshapata jibu. Angalia pia choo cha karibu kiko wapi, mgeni hawezi kuvuka uwanja usiku akipapasa kwa tochi ya simu. Na mlango uko upande gani, maana mlango ukitazama fensi badala ya nyumba, aliyekaa humo anajiona kafichwa.

Kwangu kilikaa tupu karibu mwaka. Tukaja kuweka vibao vya zege sita kwenye nyasi na bati la mita 3 kutoka mlango wa jiko, kazi ya siku mbili. Wiki hiyohiyo mama akahamishia mkeka wake na ungo wa kuchambulia mchele huko, akaniambia simenti yangu niitafutie mahali pengine.